Bati, chumvi na Volvo ya Babu

Huku Stockholm theluji imeyeyuka, sasa jua linazama saa tatu usiku, na Waswidi wametoka nje kama kumbikumbi baada ya mvua. Kila mwenye kiti amekiweka juani.

Tangu niliporusha zile picha nikiwa na nyundo mkononi na miwani ya plastiki usoni, simu hazijapumzika. Mama anauliza kama nimefukuzwa kazi. Wadogo zangu wananiita "fundi bodi". Shangazi yeye kanisomea dua. Jamani, unesi bado ninao, zamu za usiku ninazo, na mshahara unaingia kama kawaida. Ila kila Jumanne jioni naenda kwenye darasa la kutengeneza mabati ya magari ya zamani. Nimetaka niwaeleze vizuri, tena kwa kuanzia mbali, kwa sababu jambo hili lina historia, na mwisho wake linatuhusu sisi, ukoo mzima. Kwa hiyo chemsha chai, ni ndefu kidogo leo.

Kwanza mjue kwamba huku mwezi wa tano ukifika, magari ya kizee yanafufuka. Miezi yote ya baridi yanakaa ndani yamefunikwa mashuka. Likija jua, jioni moja unatoka kazini unakuta barabara ya Sveavägen, katikati kabisa ya mji, imejaa magari ya miaka ya 1950 na 1960 yanatembea taratibu, madirisha wazi, muziki juu. Nilipofika mara ya kwanza nilidhani ni harusi ya mtu mkubwa. Kumbe hapana, ni watu wa kawaida tu: fundi umeme, mwalimu, dereva wa basi. Na gari ambalo hawa watu wanalipenda kuliko yote ni Volvo ile ya mgongo wa kobe, inaitwa PV. Ndiyo hiyo hiyo, watu wa Tanga mnaijua.

Sasa Volvo yenyewe watu husema ni ya Göteborg, na kweli kiwanda kiko huko. Lakini mwanzo wake una mkono wa Stockholm, hapa hapa ninapokaa. Mwaka 1924, mwezi wa nane, bwana mmoja wa mauzo aliyeitwa Assar Gabrielsson na mhandisi Gustaf Larson walikutana kwenye mgahawa wa Sturehof wakila kamba wa maji baridi (msimu wake ni mwezi huo, na Waswidi wanavyowapenda hao wadudu ni hadithi nyingine). Pale mezani ndipo walipokubaliana kutengeneza gari la Kiswidi. Sturehof ipo hadi leo pale Stureplan. Nimepita mlangoni mara nyingi. Bei zake zinatosha kumshibisha mtu bila kuingia.

Larson alikuwa anafanya kazi kwenye kampuni iliyoitwa Galco, mtaa wa Hälsingegatan. Huko ndiko magari 10 ya majaribio yalikounganishwa mwaka 1926, na la kwanza wakalipa jina la Jakob kwa sababu lilikamilika tarehe 25 Julai, siku ambayo kwenye kalenda ya Waswidi ni ya jina hilo. Umbo lake lilichorwa na mchoraji wa picha, Helmer MasOlle, siyo mhandisi. Na bodi lake, hapa ndipo nilipochekea darasani, lilikuwa la MBAO. Fremu ya mbao ngumu, juu yake bati limefunikwa na kupigiliwa. Mwalimu alipoonyesha picha nikasema, hii mbona chai maharage! Ikabidi niwaeleze Waswidi habari za zile daladala zetu za miaka ya 1980 na 1990, fundi seremala anajenga bodi la mbao nyuma ya pikapu, mabenchi mawili mnatazamana, magoti kwa magoti. Unguja hadi leo zipo zinazofanana nazo. Walikaa kimya kidogo, halafu mzee mmoja akasema: kumbe ufundi ni ule ule. Nikamwambia, ndiyo, tofauti ni kwamba ya kwenu iko makumbusho na ya kwetu imebeba watu.

Gari la kwanza la kuuza lilitoka kiwandani Göteborg tarehe 14 Aprili 1927. Wenyewe wanasimulia kwamba dereva alipotia gia ya kwanza gari likarudi nyuma, kwa sababu gia za ekseli ya nyuma zilikuwa zimefungwa vibaya. Bei ilikuwa krona 4,800. Mwaka ule wa kwanza waliuza magari 297 tu. Fikiria, gari la wazi lisilo na paa la maana, kwenye nchi hii ya baridi!

Tukirudi kwenye bati. Bodi la fremu ya mbao lilikuwa na faida moja kubwa: kila kipande kilitengenezwa na mtu. Likigongwa, fundi wa jirani analitengeneza tena, kwa sababu hata la kwanza lilitengenezwa na fundi kama yeye. Stockholm ilikuwa na karakana za namna hiyo, watu waliotoka kwenye kujenga mikokoteni ya farasi wakaingia kwenye magari. Mojawapo iliitwa Nordbergs. Mwaka 1933 walijenga gari moja la ajabu juu ya chesesi ya Volvo, mviringo kama samaki, likapewa jina la utani Venus Bilo kwa kuigiza ile sanamu maarufu ya Venus de Milo (bil kwa Kiswidi ni gari). Lilikuwa moja tu duniani, limepigwa kwa mkono.

Lakini wakati huo huo mashine ya kukandamiza bati ilikuwa inachukua nafasi. Huko kusini, mji mdogo wa Olofström, kulikuwa na kiwanda cha vyombo vya chuma ambacho tangu mwanzo wa Volvo kiliwatengenezea mabati ya bodi. Mashine ile ina kalibu mbili za chuma, juu na chini, bati linawekwa katikati, linashuka zito moja, pah! Madigadi imetoka. Kazi ya fundi ya siku mbili inakwisha ndani ya pumzi moja. Mwaka 1969 Volvo ikakinunua kiwanda chote. Ubaya wa kalibu ni kwamba ni kubwa, ni ghali, na gari likishaacha kutengenezwa haziwezi kutunzwa milele. Siku kalibu ikitupwa, kipande kile hakitoki tena kwa mashine. Kinarudi mikononi mwa mtu mwenye nyundo. Ndiyo maana darasa letu lipo.

Haya, sasa ile PV. Ilionyeshwa mara ya kwanza hapa Stockholm, Septemba 1944, kwenye ukumbi wa tenisi wa kifalme, vita vya dunia bado vinapigwa nje ya mipaka. Sweden haikuwa vitani lakini bidhaa zilikuwa adimu. Watu walifurika. Bei ilitajwa krona 4,800, ile ile ya mwaka 1927, na watu wapatao 2,300 wakasaini mikataba pale pale. Kisha wakasubiri. Chuma hakuna, vifaa hakuna, mpaka mwaka 1947 ndipo magari yakaanza kutoka. Kuna waliouza mikataba yao kwa faida nono bila kuligusa gari. (Msiwacheke, wakati wa uhaba hata sisi tuliuziana vibali.) Ya kwanza iliitwa PV444, na mwaka 1958 ikaja PV544 yenye kioo cha mbele kimoja kilichopinda badala ya viwili. Ziliendelea hadi Oktoba 1965, na zote kwa jumla ni karibu 440,000.

Hapa nawaomba mnisikilize kwa makini, hasa wewe Baba Mkubwa. Magari ya kabla yake yalikuwa na chesesi, yaani mifupa ya chuma kinene chini, na bodi limekaa juu kama nguo. PV444 ilikuwa Volvo ya kwanza isiyo na chesesi. Bodi lenyewe ndilo mifupa. Sakafu, nguzo za milango, paa, na kile kizingiti cha chini ya mlango, vyote vimechomelewa pamoja vikawa boksi moja linalobeba uzito wote. Ni kama yai: hakuna mfupa ndani, nguvu iko kwenye ganda. Likawa gari jepesi na la bei nafuu. Lakini kutu ikila ganda la yai, haujaharibika urembo, umeharibika uti wa mgongo.

Na kutu huku ni adui wa taifa. Kuanzia miaka ya 1960 barabara kuu wakati wa baridi zinamwagiwa chumvi ili barafu isigande. Chumvi inafanya maji yasigande upesi, sawa, lakini maji ya chumvi yanasukuma ile kazi ya umeme ya kutu haraka kuliko maji matupu. Yanaingia ndani ya kizingiti, yanakaa pale gizani, na bati linaliwa kutoka ndani kuja nje. Nje unaona rangi nzuri. Mwaka 1963 serikali na wenzao wakaunda kampuni ya kukagua magari, Bilprovningen, na kuanzia 1965 ukaguzi wa kila mwaka ukawa lazima kwa magari yaliyozeeka kidogo. Mkaguzi anapita chini na chombo chenye ncha, anagonga, anachokoa. Kikipenya, gari limeanguka mtihani. Mazee wengi wa hapa waliniambia walijifunza kuchomelea kwa sababu hiyo hiyo tu: mkaguzi kachokoa tundu, fundi ni ghali, basi mtu anakopa mashine ya jirani.

Siku ya kwanza mwalimu alipokata kizingiti cha gari la mwanafunzi mmoja tukaona ndani, mimi sikushangaa hata kidogo. Wenzangu walipiga kelele. Mimi kitu kile nakiona kazini. Kidonda cha mgonjwa aliyelala muda mrefu juu kinaonekana kama sarafu, kumbe chini ya ngozi kimechimba pango la kuingiza vidole viwili. Na dawa yake inafanana: usifunike. Ukifunika kwa puti na rangi umefungia usaha ndani. Unakata mpaka ufike kwenye nyama nzima, kwenye bati linalong'aa, hata kama tundu linakuwa kubwa mara nne ya ulilolidhania. Ndipo unaanza kujenga.

Kujenga kwenyewe ndiko kunakonikosesha usingizi kwa raha. Ngoja niwaeleze nilivyotengeneza pembe ya chini ya madigadi ya mbele, kazi iliyonichukua Jumanne sita.

Kipande cha zamani kimeoza, hakifai kupimwa. Kwa hiyo unakwenda upande wa pili wa gari, ambao ni mzima, unabandika karatasi gumu juu yake. Karatasi halinyooki wala halisinyai, kwa hiyo linakuambia ukweli. Mahali linapojikunja na kufanya mikunjo, pale bati lako litatakiwa lisinyae. Mahali linapokatika au kukaza, pale bati litatakiwa livutike. Unaweka alama zote kwa kalamu, halafu unaligeuza karatasi upande wa pili, maana wa kushoto ni kioo cha wa kulia. Washonaji wa nguo mtanielewa hapa upesi kuliko mafundi.

Unakata bati, letu ni la milimita 1, kubwa kidogo kuliko kipimo. Unalilaza juu ya mfuko wa ngozi uliojazwa mchanga na kulipiga kwa nyundo ya mbao yenye kichwa cha duara. Kila pigo linalifanya bati liwe jembamba kidogo na pana kidogo, ndiyo linabonyea. Baada ya nusu saa una kitu kibaya sana, kimevimba vimba kama fenesi. Unakata tamaa. Mwalimu anacheka, anakupeleka kwenye gurudumu la Kiingereza. Hiyo ni mashine isiyo na umeme, ina gurudumu la juu lililo bapa na la chini lenye mgongo, bati linapita katikati na wewe unalivuta na kulisukuma, mbele nyuma, mbele nyuma, kama mtu anayepiga pasi. Polepole vile vinundu vinalala na mviringo unajitokeza. Sauti yake ni ya kutuliza kabisa. Nikitoka zamu ngumu, gurudumu lile linanifaa kuliko dawa.

Pembeni, pale penye mikunjo, unapasha moto kwa gesi mpaka pawe pekundu, unapiga pembe za mkunjo kuingia ndani kabla hapajapoa, bati linajirudi. Kusinyaza bati ni kugumu kuliko kulivuta. Mwalimu husema fundi anajulikana hapo.

Kisha kuchomelea. Unashika kwa nukta, moja hapa, nyingine mbali kule, unarukaruka, kwa sababu ukichomelea mstari mmoja moja kwa moja joto litalikunja bati zima kama chipsi. Chomeo likipoa linasinyaa, kwa hiyo unalipiga juu kwa nyundo huku nyuma umekinga kipande cha chuma, ili livutike lirudi. Tupa, msasa, tupa. Tupa ikipita juu ya bonde haigusi, unaona pale pana doa jeusi, unalinyanyua kutoka nyuma. Fundi mzuri anamaliza bila puti hata kijiko kimoja.

Zamani, kabla ya puti ya plastiki, viwanda vilijaza maungio kwa risasi iliyochanganywa na bati jeupe. Ukilikwangua gari la zamani kwa msasa bila kuvaa barakoa unavuta sumu ya risasi, na watoto wanaocheza karibu wanadhurika zaidi yako. Na kwa kuwa nimefika hapo, acha nivae kofia ya unesi dakika moja. Mafundi wetu wa nyumbani wanaochomelea mabati yenye zinki, yale ya kung'aa, jioni wanapata baridi, homa, viungo vinauma, mdomo ladha ya chuma. Wanakwenda kununua dawa ya malaria. Kesho yake au kesho kutwa wamepona, wanasema dawa kali. Ule siyo malaria, ni moshi wa zinki. Na yale maziwa mnayokunywa kabla ya kazi ni chakula kizuri, lakini hayazuii chochote. Kinachozuia ni kukwangua zinki kabla ya kuchomelea, kufanyia kazi nje penye upepo, na kuvaa barakoa ya maana. Homa isiyoondoka, hiyo nenda kapime. Nimemaliza, navua kofia.

Sasa nyumbani. Nilipokuwa nasikiliza Waswidi wakisifu PV yao, nikawauliza: mnajua ushindi wake mkubwa ulikuwa wapi? Wazee walijua, vijana hawakujua. Mwaka 1965 mbio za Safari za Afrika Mashariki, Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja, tope hadi dirishani, zilishindwa na PV544. Dereva Joginder Singh, kalasinga wa Kenya, mzaliwa wa Kericho mwaka 1932, na pembeni yake ndugu yake Jaswant. Gari lao halikuwa jipya, lilikuwa limeshatumikishwa kwenye mashindano. Joginder alikuwa mtoto wa gereji, fundi kabla ya kuwa dereva, na nina hakika hiyo ndiyo iliyomshindisha: mtu anayejua kila sauti ya gari lake. Alishinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Alifariki London mwaka 2013.

Na hawa makalasinga ndio mlango wa ufundi bodi kwetu. Wengi waliletwa au walifuata reli ya Uganda iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, wakiwa waseremala na wahunzi. Reli ilipokwisha wakafungua karakana. Ndani ya karakana hizo vijana wa Kiafrika waliajiriwa kushika taa, kufagia, kupiga msasa, na kwa macho tu wakaiba ufundi. Hakuna aliyewapa cheti. Walipotoka wakaanzisha zao chini ya mti, na hapo ndipo Kenya ikapata jina la jua kali. Pale Kamukunji, Nairobi, pipa la mafuta linakatwa, linanyooshwa kwa nyundo, linakuwa sanduku, jiko, karai. Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea akaahidi mabanda ya kuwakinga na jua.

Kwetu ni Gerezani, Dar. Mlioishi miaka ile baada ya vita vya Kagera mtakumbuka: fedha za kigeni hakuna, spea hakuna, petroli kwa foleni, na Jumapili mchana gari binafsi halitembei. Gari likigongwa hakuna mtu wa kuagiza madigadi Ulaya. Fundi wa Gerezani analala chini, anatazama, anakata pipa, analipiga juu ya kisiki cha mwembe au juu ya kipande cha reli, na jioni madigadi ipo. Mfuko wa mchanga wa ngozi? Walichimba shimo ardhini. Karatasi gumu? Boksi la sabuni. Kila ninachofundishwa hapa kwa krona zangu, wao walikuwa wanakifanya kwa kukosa njia nyingine. Linaloniuma ni kwamba huku kinaitwa urithi wa utamaduni, watu wanajiandikisha, wanachukua picha, kuna chama cha PV chenye wanachama na jarida lake. Kwetu tulikiita ubabaishaji, na magari ya Japani yaliyotumika yalipoanza kumiminika, mapanga boi mapya yalipokuwa rahisi kuliko nyundo, tukawaacha wazee wale na vijana wao wakaenda kuendesha bodaboda.

Basi tufike kwenye gari la Babu.

Wadogo hamjui, acha niwasimulie. Babu alikuwa karani Kibaha, kwenye kile kituo kilichojengwa na nchi za Nordiki kuanzia mwaka 1963, ambacho leo ni Shirika la Elimu Kibaha. Kilipokabidhiwa kwa serikali mwaka 1970, Mswidi mmoja aliyekuwa akifunga mizigo alimuuzia Babu PV544 yake, kwa malipo ya miezi. Usukani uko kushoto. Watu wa Tanga walidhani ni kasoro au ni gari la balozi. Kumbe Sweden yenyewe, mpaka Septemba 1967, walikuwa wanaendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi huku usukani wa magari yao mengi uko kushoto! Maajabu. Kwa hiyo Babu hakuweza kuona mbele akitaka kulipita lori. Bibi ndiye aliyekuwa macho yake, amekaa kulia, anachungulia. "Subiri." "Subiri kwanza." "Haya, pita." Mama anasema safari zote za Kibaha hadi Tanga ziliendeshwa na Bibi, Babu alikuwa anazungusha usukani tu. Na lina mikanda ya kiunoni na begani, ile ya ncha tatu aliyoibuni Nils Bohlin. PV544 ni kati ya magari ya kwanza duniani kuuzwa nayo, mwaka 1959. Mimi ninayepokea majeruhi wa ajali najua mkanda ule umenirudishia wangapi wakiwa hai.

Leo gari limekaa nyuma ya nyumba ya Ngamiani tangu Babu alipofariki, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Upepo wa bahari ya Tanga una chumvi yake, haukuhitaji serikali ya Sweden. Na kwenye kundi letu la WhatsApp tangu mwezi uliopita kuna mazungumzo ya kuliuza kwa watu wa chuma chakavu, kwa kilo. Baba Mkubwa, shikamoo. Najua umelilinda miaka yote hii kwa gharama zako, na najua uwanja unahitajika kwa vyumba vya kupangisha. Sikupingi kwenye uwanja. Nakuomba juu ya gari.

Nimewaonyesha mwalimu na wenzangu zile picha alizotuma binamu. Mwalimu alizikuza kwenye skrini akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema paa zima, nguzo nzima, milango inafungika sawa, kwa hiyo ganda halijalegea. Kilichokwenda ni vizingiti vyote viwili, sakafu upande wa dereva, na pembe za madigadi. Vizingiti na vipande vya sakafu vya PV bado vinatengenezwa huku na kuuzwa, kwa kuwa wenye magari haya ni wengi. Hivyo nitavinunua mimi, nitavifunga kwenye mzigo. Pembe za madigadi nitazipiga mwenyewe, lakini sina gari la kupimia, na hapo ndipo ninapowahitaji.

Na kuna fundi mmoja mzee, barabara ya kumi na mbili, mwanafunzi wa karakana ya kalasinga enzi hizo. Nimeongea naye kwa simu. Macho yamepungua, lakini mikono anasema iko. Ameniambia, "Mwanangu, niletee kijana mmoja wa kushika tochi, nitamwelekeza." Mjukuu wake hataki. Sasa kati yenu nyie mnaokaa vijiweni mkisubiri ajira, nani atashika tochi? Posho natoa mimi, siyo kubwa, ila ipo kila wiki.

Baba Mkubwa, naomba hadi Desemba, nakuja likizo. Mwenye kiwanja cha jirani amekubali lisogezwe kwake kwa elfu thelathini kwa mwezi, nimeshatuma ya miezi miwili kwa Mama.

Binamu, kazi yako ni hii. Msilinyanyue kwa jeki kwenye kizingiti, litakunjika; wekeni chini ya ekseli. Watoe kuku. Lifunikeni, lakini siyo kwa turubai la plastiki linalobana, litatoa jasho. Makuti au bati juu ya miti, upepo upite. Halafu chukua boksi gumu, bandika juu ya madigadi ya mbele ya KUSHOTO, ile nzima, chini ya taa hadi mlangoni, chora mpaka wake wote na kila mkunjo uwekee alama, andika neno "nje" upande wa nje. Lipime kwa futi kamba ya sentimita, siyo inchi. Usilikunje. Liviringishe, umpe yule dada wa Muheza anayepanda ndege tarehe 14, ameshaniambia ana nafasi kwenye begi.